Tahadhari: "Garmin zumo" za laki nne na nusu ni famba, na mafaili ya njia anayouza huyo jamaa ni hatari zaidi

Wakuu, kama unatafuta GPS ya pikipiki kwa safari za masafa, soma hapa kabla hujatuma hata shilingi. Kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wapanda pikipiki, na Instagram ana ukurasa wenye picha kali kweli kweli. Anauza anachokiita "Garmin zumo XT mpya, boksi halijafunguliwa, ramani ya dunia nzima, maisha yote". Bei shilingi laki nne na nusu za Tanzania. Zumo XT, GPS ya pikipiki ya kampuni ya Garmin, ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa karibu dola 500 kulekule Marekani, na hapo hujagusa usafiri wala ushuru. Ukimuuliza mbona rahisi hivyo, ana hadithi yake: mzigo umetoka Dubai, kampuni ya utalii imefunga ofisi, zimebaki tatu tu. Zimebaki tatu tangu nianze kumfuatilia.

Jina na namba yake siweki. Laini anabadilisha kama soksi, ukurasa umeshabadilishwa jina, na namba nitakayoiweka leo kesho itakuwa kwa mtu mwingine asiyejua lolote. Mjueni kwa mchezo wake.

Mchezo ni huu. Unatanguliza nusu, anatuma mzigo kwa basi. Ukifika stendi kuchukua, anataka nusu iliyobaki kabla ya wewe kukabidhiwa. Anakusisitiza usiwashe njiani, eti kikiwashwa pasipo intaneti ramani inajifunga. Sikiliza, GPS haihitaji intaneti ili ifanye kazi. Inapokea mawimbi ya setilaiti, na ramani imo ndani ya kifaa chenyewe; ndiyo maana tunabeba hivi vitu huko ambako simu haina hata kijiti kimoja cha mtandao. Anachotaka ni uwashe ukiwa nyumbani, yeye ameshakamilisha hela. Ukiwasha, kinadai namba ya siri. Unampigia, anakwambia ada ya kufungulia ramani ni elfu themanini. Ukituma anakupa tarakimu nne, kinafunguka, unafurahi. Wiki inayofuata umeblokiwa.

Mmoja wa kundi letu aliniletea alichouziwa, maana mimi ndiye mwenye ugonjwa wa kufungua fungua vitu. Kwa nje, kusema haki, wamejitahidi. Rangi ni yenyewe, uzito unafanana, boksi lina plastiki. Nikapitisha kitambaa chenye spiriti kwenye jina la Garmin, herufi tatu zikatoka. Nikawasha: nembo ya Garmin inakaa sekunde chache, halafu kwa nyuma, kwa kufumba na kufumbua, unaona uso wa kijivu wenye kitufe cha Start kule chini kushoto. Hiyo ni Windows CE, mfumo wa zamani wa Microsoft uliokuwa kwenye vifaa vya bei chee. Zumo XT haina kitu hicho. Ndani kuna programu ya ramani ya iGO ya kuibwa, imevishwa picha ya Garmin tu.

Ramani imeandikwa "Africa 2025". Nikaitafuta Dar es Salaam, nikasogea Kurasini. Maji matupu. Daraja la Kigamboni limefunguliwa 2016, na ramani ya "2025" haijapata habari. Nikaomba njia ya kutoka Kurasini kwenda Kigamboni, ikanirudisha Magogoni nikapande kivuko.

Mwenzetu mwingine wa Moshi alikuwa ameuziwa kama hicho. Tukatumiana picha za mgongoni, pale inapoandikwa namba ya utambulisho wa kifaa. Namba ileile, tarakimu kwa tarakimu. Kifaa halisi kila kimoja kina namba yake.

Na maji je? Zumo XT ina kiwango cha IPX7, maana yake inahimili kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Hiki tundu la chaji halina hata mpira wa kuziba. Masika moja ya Lushoto inatosha kukimaliza.

Sasa, kama unanunua kwa mtu yeyote, si huyu tu, usilipe kabla hujawasha. Kutaneni mchana mahali pa wazi, siyo ndani ya duka, ili kishike setilaiti ukiona. Tafuta vitu vipya unavyovijua: Daraja la Kigongo–Busisi pale Mwanza lililofunguliwa Juni 2025, au kwa wa Kenya, Nairobi Expressway ya 2022. Msikimbilie kumwita mtu tapeli kwa sababu daraja halipo, maana hata kifaa halali kinaweza kuwa na ramani ya zamani ambayo mwenyewe hajaisasisha. Kipimo cha mwisho ni kompyuta. Garmin wana programu yao ya bure, Garmin Express. Unachomeka waya, inakitambua kifaa, inasoma namba yake na kukwambia kama ramani zake zina toleo jipya. Famba haitambuliki, inaonekana kama flashi ya kawaida yenye mafolda. Muuzaji anayekataa kukutana nawe penye laptop, achana naye.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: zumo halali iliyonunuliwa Ulaya inakuja na ramani za Ulaya. Ukiiwasha Dodoma utaona barabara kuu chache na uwazi mtupu. Huo siyo ubovu. Unaongeza ramani ya huku, ama ya Garmin wenyewe, ama ya Tracks4Africa ambayo ni nzuri sana kwa njia za porini (nunua kwao moja kwa moja, za kwenye memori kadi za mtaani ni nakala za wizi), ama ramani ya bure ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea, iliyotengenezwa kwa mfumo wa Garmin. Muuzaji mkweli atakwambia hivyo mapema. Anayeahidi "dunia nzima" kwa laki nne na nusu hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Hayo ya kifaa ni hasara ya pesa. Kilichonifanya niandike ni hiki cha pili.

Huyo jamaa anauza pia memori kadi ya "Njia 50 za Afrika Mashariki kwa pikipiki, zimepimwa", elfu hamsini. Ni mafaili ya GPX, yaani njia zilizohifadhiwa ili GPS izifuate. Faili la GPX ni maandishi tu, unaweza kulifungua hata kwa Notepad. Njia ambayo mtu ameipita kweli huku kifaa kinarekodi, kila nukta ina latitudo, longitudo, kimo na muda: saa, dakika, sekunde. Nimefungua mafaili yake kumi na kitu, karibu yote hayana muda popote. Zimechorwa mezani na kompyuta. Machache yanayoonekana kurekodiwa kweli yameibwa kwa msafiri fulani wa Ujerumani, maana kwenye vituo bado pameandikwa "Tankstelle" na "Wasser". Hata kufuta hajafuta!

Chukua njia yake ya Arusha–Mwanza. Inapita Karatu, inapanda Ngorongoro, inakatiza Serengeti kupitia lango la Naabi, inatokea lango la Ndabaka. Kwenye skrini inapendeza, fupi na iliyonyooka. Lakini pikipiki haziruhusiwi kuingia Ngorongoro wala Serengeti. Utafika lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, askari atakuangalia, utageuza na mizigo yako kurudi mpaka Makuyuni. Njia ya pikipiki ni Makuyuni, Babati, Katesh, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Ndefu, ndiyo, ila lami tupu na hakuna atakayekurudisha. Mikumi ni habari nyingine, pale unapita juu ya barabara kuu ya umma. Mtu aliyewahi kusafiri hata mara moja kaskazini asingekuuzia faili hilo.

Au ile ya Mbeya kwenda Singida kupitia Chunya, Makongolosi, Rungwa na Itigi. Hapo katikati ameweka alama ya sheli porini kabisa, sehemu ambayo nimewauliza madereva wa malori wanaopita huko wakacheka. Njia hiyo unajaza tanki Chunya, unabeba la akiba, na ukibahatika kijijini utapata wese la chupa, la rangi yoyote. Mtu akiamini ile alama akapanga mafuta yake kwa kuihesabia, atalala na mbung'o na kusukuma pikipiki ya kilo mia mbili kwenye mchanga.

Ya Kenya nimeiangalia moja tu, ya Marsabit kwenda North Horr kukatiza jangwa la Chalbi. Mstari umenyooka katikati ya jangwa, hakuna neno kuhusu majira. Wakati wa kiangazi Chalbi ni ngumu kama sakafu, unaweza kukimbia. Mvua ikinyesha inageuka tope la chumvi linalomeza tairi, na watu wa huko wanaizunguka. Faili lisilokwambia mwezi wa kupita halina thamani hata likitolewa bure.

Kwa hiyo ukipewa njia na mtu, muulize maswali ya kijinga: ulipita mwezi gani, ulijaza wapi, ulilala wapi, ulikuwa na chombo gani. Aliyepita atajibu mpaka umnyamazishe. Kisha iweke kwenye simu, uipitie kipande kwa kipande na kuhesabu kilomita kati ya sheli na sheli ukilinganisha na tanki lako. Mimi hutoa sehemu ya tano ya uwezo wa tanki kwenye mahesabu, kwa ajili ya mchanga na upepo.

Na kama bajeti haifiki milioni na ushee, wala usione aibu, tumia simu. Kuna programu za ramani za OsmAnd au Organic Maps, unashusha ramani ya Tanzania nzima nyumbani na unatembea nayo bila bando. Data yake ni ya OpenStreetMap, na kwa Dar ni nzuri kupita kiasi kwa sababu ya vijana wa Ramani Huria waliozunguka mitaa kwa mitaa kuichora kuanzia 2015. Tahadhari moja: mtetemo wa injini kubwa unaweza kuharibu kamera za simu. Apple wenyewe walilitangaza 2021 kuhusu iPhone. Tafuta kishikio chenye kifyonza mtetemo, au funga simu ya zamani isiyokuuma.

Kwa aliyekwisha kupigwa: kama pesa imetoka muda huohuo, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi waizuie kabla haijatolewa kwa wakala, ikishatolewa ni vigumu. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Nenda polisi ukiwa na ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, usifute kitu hata kama yanakutia hasira. Bidhaa feki zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na wao wanahitaji kifaa chenyewe na boksi lake, kwa hiyo usikitupe wala usikiuze kwa mwingine "angalau urudishe nusu".

Tuko wawili wenye namba ileile mgongoni. Kama na wewe unacho, piga picha ya mgongo wa kifaa na ya muamala, nitumie kwa ujumbe wa faragha. Tunataka tukafungue jalada moja la pamoja, badala ya kila mtu kwenda na laki nne zake kituo chake.