Fundi wa chokaa aliyetengeneza meko yetu Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar: kazi safi, haraka hana

Kwa mnaotafuta fundi wa nyumba za zamani, huyu nampa nyota nne. Ya tano nimemnyima makusudi, sababu ipo chini.

Nyumba yetu ina meko ya mawe uani, yamejengwa kufika kiunoni, na dohani pana juu yake. Mimi napika za oda, pilau na biriani za shughuli, kwa hiyo meko yale si pambo. Sasa mawe ya mdomoni, pale ulimi wa moto unapopita, yalikuwa yameliwa hadi ngumi inaingia. Upande wa kulia uliwahi kuzibwa kwa saruji kabla sisi hatujahamia, na saruji ile ilikuwa inabanduka mapande mapande, kila pande linaondoka na ngozi ya jiwe la nyuma yake.

Mafundi wengine niliowaita walikuwa na jawabu moja: bomoa yote, panga matofali ya saruji, piga lipu, bandika marumaru. Mmoja hata kuinama kutazama ndani hakuinama, alinipa bei amesimama mlangoni.

Huyu mzee alikuja na nyundo ndogo. Akaigeuza, akawa anagonga kwa mpini jiwe moja moja, sikio ameliinamisha. Jiwe zima linalia kwa ukali. Lililokufa linatoa mvumo wa chini, hata mimi baada ya muda nikawa natofautisha. Yaliyokufa akayatia alama ya mkaa. Hayakuwa mengi! Mimi nikidhani nusu ya meko imekwisha, kumbe ni mawe ya mstari wa mbele na mawili ya pembeni.

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nimpe kazi. Mawe yetu haya ni ya matumbawe, na matumbawe ndiyo yanayochomwa tanuuni kupata chokaa. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe haliwi jiwe tena. Moto mkali wa kuni ukilamba pahala pamoja miaka na miaka, ule uso wa jiwe nao unageuka chokaa kidogo kidogo. Halafu sufuria linafurika, maji ya wali yanamwagikia palepale, ile sehemu iliyoungua inavimba na kumeguka. "Mwanangu, wewe una tanuu humu ndani," akaniambia, na kucheka juu.

Nikamwuliza, basi si tutie saruji, tumalize? Akakataa kabisa. Kuta hizi zinanyonya maji kutoka chini, na maji yanapanda na chumvi. Chokaa inayaachia yatoke, saruji inayafungia ndani, mwisho linalooza ni jiwe. Ushahidi ulikuwa upande wa kulia, sikuwa na la kubisha.

Alichofanya ni hivi. Ndani, panapoguswa na moto, alijenga ukuta mwembamba wa matofali ya udongo ya kuchoma, akayashikanisha kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga, bila saruji wala chokaa. Kati ya matofali na mawe akaacha upenyo wa kidole, ili matofali yakitanuka kwa joto yasiyasukume mawe. Mbele ndiyo akarudisha matumbawe, mawe ya gofu aliyokuwa nayo mwenyewe, akayachonga pale pale uani hadi vumbi likaingia kwenye kabati la vyombo.

Chokaa yake alikuja nayo ndani ya pipa, imelowekwa siku nyingi, laini kama samli iliyoganda. Alichanganya sehemu moja kwa tatu za mchanga, na udongo mwekundu kidogo. Mchanga wa shimo. Wa pwani hautaki kwa sababu ya chumvi. Kila jiwe lilizamishwa kwanza kwenye karai la maji, kwani jiwe kavu linafyonza maji ya chokaa na kiungo kinakuwa unga. Penye nafasi kubwa akachomeka vijiwe badala ya kujaza chokaa tupu. Nilisimama nikatazama kazi ile muda mrefu kuliko nilivyotarajia, mpaka mchele wangu ukaungua kwenye gesi.

Jambo jingine lililonipendeza: hakugusa hata jiwe moja mpaka nimekwenda kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe, wanaosimamia uhifadhi wa nyumba hizi. Wapo wenye kukasirika wakiambiwa hivyo, lakini Mamlaka ipo tangu 1985 na mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000. Ukianza kubomoa kimyakimya, aliye matatani ni wewe mwenye nyumba, fundi ameshaondoka zake.

Bei: yeye elfu hamsini kwa siku, msaidizi wake elfu ishirini na tano, vifaa mbali. Jumla haikufika laki tisa. Wa saruji walitaka nusu yake, nasema kweli.

Haya, nyota ya tano. Akikwambia kesho baada ya adhuhuri, wewe endelea na shughuli zako. Simu anazima. Kifusi alikiacha uchochoroni, jirani akanijia juu, nikalipa mwenye mkokoteni kwa fedha zangu. Na chokaa yenyewe haina haraka: tulifunika magunia mabichi, tukawa tunanyunyiza maji asubuhi na jioni, wiki kadhaa hakuna kuwasha moto. Hilo silihesabu kosa lake, lakini angenambia mapema nisingepokea oda za mwezi ule. Biriani ya watu mia kwenye majiko ya gesi ya kuazima, sitaki hata kukumbuka.

Tulipoanza kupika, kwanza alitaka moto mdogo wa vifuu, siku ya pili mkubwa zaidi, ndipo kuni. Ulitokea ufa mwembamba kama uzi kwenye kiungo cha kushoto. Alirudi akauziba, hakuchukua senti, ingawa alichelewa kama ada yake.

Mawe mapya bado ni meupe kuliko ya zamani; masizi yatayamaliza hayo. Duka hana wala kibao, ulizieni kwa wauza chokaa. Mwenye arusi mwezi ujao asimwite.