Sailensa ya nyuma ya IST: nimenunua mjini Dodoma, nimefunga mwenyewe uani, nyota tatu tu

Haya wenye Toyota IST, Vitz na ndugu zake, leo naongelea sailensa ya nyuma, lile bomba la mwisho lenye tumbo linalokaa chini ya bampa. Nimenunua mpya ya kopi kwenye duka moja la spea hapa Dodoma mjini, jina sitaji maana oili bado nanunua palepale, halafu nimeifunga mwenyewe uani kwangu Ilazo. Ilikuwa Novemba, sasa hivi ina miezi minne, imekula vumbi na imekula mvua, kwahiyo siongei kwa furaha ya siku ya kwanza.

Gari langu lilianza kidogo kidogo, asubuhi ukiliwasha linaguguma, baada ya wiki mbili likawa linaunguruma mpaka mlinzi wa mtaa wa pili anajua nimerudi. Mtoto wa dada yangu anasoma UDOM, ikafika mahali nikimpeleka ananiambia mamdogo nishushe tu hapa nje, nitaingia kwa miguu. Fundi mmoja alilichomelea mara mbili, kila mara elfu kumi, ila bati lilishakuwa jembamba kama karatasi, anaziba hapa linatoboka pembeni. Jirani yetu mzee wa Kigogo, tunamwita babu, akanishauri nizungushie kopo la mafuta ya kupikia na waya, na nikafanya, msicheke. Likadumu mpaka tuta la kwanza.

Watu wananiuliza Dodoma kukavu hivi kutu inatoka wapi. Inatoka ndani bana. Petroli ikiungua inazaa maji, lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji yakiwa mvuke, sasa mimi safari zangu ni Ilazo kwenda Makole na kurudi, jioni napitia Majengo sokoni, bomba huku nyuma linakuwa halijapata moto wa kukauka nishazima gari, yale maji yanalala kwenye tumbo la sailensa yanakula bati taratibu. Mwenye gari la kwenda Dar kila wiki sailensa yake inaweza kuishi kuliko yangu hata kama kilomita zake ni nyingi mara tano. Na hizi gari zetu zimetoka Japani, kama yako iliishi kule Hokkaido ambako wanamwaga chumvi barabarani kipindi cha theluji, basi kutu uliinunua pamoja na gari.

Kilichonifanya niache kuvumilia ni kichwa. Nilikuwa nikikaa kwenye foleni vioo viko wazi kichwa kinauma, nikashtuka, maana ekzosti, yaani njia nzima ya kutolea moshi, ikitoboka moshi unaweza kuingia ndani ya gari, na ule moshi una kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi na inaua. Kelele unaweza kuzizoea, ile huwezi.

Sasa dukani. Naingia, kijana wa kaunta ananiuliza "dada umetumwa na fundi gani?" Nikamwambia sijatumwa, mi ndo fundi. Akacheka akadhani utani. Akanitolea mbili, moja mtumba wa Japani elfu tisini (mtumba wa mtumba, siyo Mtumba kule kwenye wizara) na moja mpya ya kopi elfu themanini na tano. Ule mtumba ulikuwa mzito na chuma kizuri, ila nilipoutikisa kitu kikagonga ndani kama debe lenye kokoto, yaani vile vibati vya ndani vinavyopunguza sauti vimeshaachia, hapo umenunua matatizo ya mwenzio. Nikachukua mpya. Kijana akaanza kunipigia debe kwamba hii ina masega (kile kisafisha moshi) na itapunguza ulaji wa mafuta. Masega?? Masega yako huko mbele karibu na injini, hayakai kwenye sailensa ya nyuma, na sailensa mpya ya kawaida haikupunguzii mafuta. Ukiambiwa hivyo dukani nyamaza tu, omba punguzo. Mi nilipunguziwa elfu tano.

Akaapa kila kitu kimo humo kwenye boksi. Nafika nyumbani nafungua, hamna gasketi ya kuzibia maungio, hamna bolti, hamna spring, hamna raba. Kesho yake nikarudi kwa bodaboda, gasketi ile ya duara elfu kumi na mbili, bolti mbili na spring zake elfu nane, raba za kuning'inizia nne elfu kumi na mbili. Piga hesabu mwenyewe, ile elfu themanini imeshapita laki na kitu na bado sijashika spana. Nyota ya kwanza ilidondokea hapo.

Kwanini nisipeleke gereji? Sababu ya kwanza hela, nilitajiwa elfu sitini ya ufundi kwa kitu chenye bolti mbili. Ya pili nimesikia visa vingi vya watu kupeleka gari ekzosti ikarudi haina masega, yale yana madini ya thamani, platinamu na wenzake, na wewe huwezi kujua mpaka siku umelala chini ukachungulia. Nikasema hapana, nitalala chini mwenyewe toka mwanzo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi nikapulizia bolti spreyi ya kulegeza kutu, asubuhi nikapulizia tena. Gari ilikuwa ya baridi kabisa, usiguse ekzosti iliyotoka kutembea, inaunguza vibaya. Uani kwangu ni udongo, jeki ikiwekwa tu inazama, kwahiyo nikaweka kipande cha mbao nene chini yake, tairi za mbele nikazizuia kwa mawe mbele na nyuma, halafu nikaegesha gari juu ya stendi mbili za chuma nilizoazima. Naomba mnisikie vizuri hapa, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na tofali za bloku usizitumie, zinapasuka bila taarifa. Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni ananiangalia, akasema mjukuu wangu kama likikudondokea nimwambie nani? Ndo nikaongeza na tairi ya akiba ubavuni kabisa.

Raba za zamani zilikuwa zimekauka kwa jua mpaka zina nyufa, ukizivuta kavu kavu utatoka jasho bure, paka sabuni ya maji kwenye kile chuma kinachopita katikati, zinateleza zenyewe. Hilo ndo jambo rahisi kuliko yote siku ile.

Bolti ya kwanza, spana namba 14, ikalia kwiii ikaachia. Ya pili ikakatika. Kichwa kikabaki kwenye spana na shina likabaki kwenye flanji, lile bati nene linalounganisha mabomba, na pale nati imechomelewa kwenye bomba la mbele, siyo kitu cha kugeuza na koleo. Nilikaa chini ya lile gari kama dakika kumi natazama tu. Mtoto wa dada akaenda kuazima drili kwa fundi wa madirisha, tukatoboa lile shina na biti ndogo kwanza halafu kubwa, masaa mawili yakapotea kwa kibolti kimoja, mikono inatetemeka, unga wa chuma unadondokea usoni (vaeni miwani jamani, yangu ilikuwa ya jua). Mwishowe nikapitisha bolti ndefu yenye nati upande wa pili.

Na msitoe zile spring. Nimeona gari nyingi wamefunga bolti ya kawaida kavu kwenye ile maungio. Injini ikikanyagwa inacheza, ekzosti nayo inatakiwa icheze kidogo, spring pamoja na ile gasketi ya duara ndo zinaipa nafasi. Ukikaza ikawa ngumu kama mti, utapasua bomba sehemu nyingine baadae. Bolti mpya yenyewe ina bega, unakaza mpaka ligote basi. Kwenye ile iliyokatika mimi niliacha spring palepale, nikaweka nati mbili zikabanana zenyewe kwa zenyewe zisilegee.

Sasa tuje kwenye sailensa yenyewe. Chuma siyo kibaya, maungio ya kuchomelea yamenyooka, matundu ya flanji yamekaa sawasawa. Ila kile chuma cha kuning'inizia cha nyuma kilikuwa kimepinda kwa upana wa kama vidole viwili, ukifunga kama ilivyo mdomo wa bomba unagusa bampa, na bampa la IST ni plastiki, unajua kitakachotokea. Kuna fundi angekwambia pinda bampa. Mimi nilifunga kila kitu kwa kulegeza kwanza, raba zote, bolti zote, nikaisukuma na kuivuta mpaka ikakaa katikati, kile chuma nikakikunja kwa kipande cha bomba la maji, ndo nikakaza. Ungekaza bolti za mbele kwanza usingeiweka sawa mpaka Pasaka. Kosa langu kubwa nililijua jioni, nilipoilaza ya zamani na mpya sambamba kwenye mkeka. Lile pindo linaonekana kwa macho. Ningebeba ya zamani kwenda nayo dukani ningeiona palepale kaunta na kuikataa, lakini nani anatembea na gari lisilo na sailensa mpaka mjini. Basi piga picha ya chini ya gari lako kabla hujaenda, inasaidia.

Kuwasha, tulilisogeza nje kwenye hewa. Likatoa moshi na harufu ya rangi kama robo saa, ile ni rangi na mafuta ya kiwandani yanaungua, usipige simu zimamoto. Maji yakawa yanadondoka nyuma, hayo nayo ni kawaida. Kujua kama inavuja, mtoto alivaa glavu akaziba mdomo wa bomba kwa tambara sekunde chache tu, mimi nikasikiliza kwenye maungio, kama ingekuwa inapiga fyuuu ningerudia. Haikupiga.

Miezi minne baadae sauti ni nzito kidogo kuliko ya orijino, ukikanyaga unaisikia, ila ndani ya gari unaongea na simu bila kupiga kelele. Rangi imeanza kubanduka kwenye ile mishono na kuna kutu nyekundu nyepesi toka mvua za Januari, kwa hela ile sikutegemea dhahabu. Kichwa hakiumi tena. Siku hizi Jumapili namalizia barabara ya Iringa kidogo kama nusu saa mfululizo ili lile tumbo likauke, mafuta nachoma ndiyo, ila sirudi chini ya gari mwaka huu.

Nyota tatu kati ya tano kwa sailensa, mbili zimeenda kwenye boksi lisilo na gasketi na kile chuma kilichopinda. Raba na gasketi za duka lile nazipa tano. Ile ya zamani ipo nyuma ya banda la kuku, vijana wa chuma chakavu wamepanda mpaka elfu tatu, babu anasema nisubiri wafike tano.