Beringi za Viatu vya Hoki ya Magurudumu: Zipi za Kununua Kwanza, na Namna ya Kuzitunza

Jozi ya viatu vya hoki yenye magurudumu manne kwa kila mguu hubeba beringi 16, mbili katika kila gurudumu, na karibu zote ni za saizi inayoitwa 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje cha milimita 22 na unene wa milimita 7. Kwa kuwa saizi ni moja, mchezaji anaweza kununua kwa mtengenezaji yeyote anayemtaka, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu pakiti zote hufanana na kinachoonekana kuzitofautisha ni namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa: ABEC 5, ABEC 7, ABEC 9. Katika mwongozo huu nimezipanga aina kuu za beringi kuanzia ile ninayoipendekeza kwanza hadi ile ninayoshauri iachwe, na nimezipima zote kwa swali moja: je, beringi hii inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa tena bila kuharibika?

Nianze na hiyo namba, kwa maana ndiyo inayowapotezea watu fedha. ABEC ni kipimo cha Marekani chenye ngazi tano, yaani 1, 3, 5, 7 na 9, na kinachopimwa ni usahihi wa maumbo ya pete mbili za beringi: upana wa tundu, kipenyo, unene, na kiasi ambacho pete huyumba inapozunguka. Hakisemi lolote kuhusu ubora wa chuma, ulaini wa gololi, aina ya grisi wala uwezo wa kuzuia vumbi. Kwa beringi ndogo kama 608, pete ya ndani ya ABEC 1 inaruhusiwa kuyumba hadi mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ya ABEC 5 mikroni 4, na ya ABEC 9 mikroni 1.5. Sasa linganisha na uwanja wenyewe: chembe ndogo kabisa inayostahili kuitwa mchanga ina upana wa mikroni 63. Chembe moja tu ikipenya kati ya gololi na njia yake, tofauti yote uliyoilipia kati ya ABEC 5 na ABEC 9 imekwisha. Tena, gurudumu la milimita 80 katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa huzunguka takriban mara 2,000 kwa dakika, ilhali beringi ya 608 ya kawaida imeundwa kuhimili makumi ya maelfu. Kampuni ya Bones, ambayo beringi zake zimeenea sana miongoni mwa watumiaji wa viatu vya magurudumu na mbao za kuteleza, haitumii kabisa ngazi za ABEC kuzipanga bidhaa zake, na naona ina haki.

Nilijifunza jambo hili kwa kupoteza. Msimu mmoja nilinunua seti iliyoandikwa ABEC 9, nikacheza nayo kwenye lami kwa majuma machache, mara mbili kati ya hizo lami ikiwa bado na maji ya mvua. Gurudumu la nyuma la mguu wa kushoto likaanza kutoa sauti ya kusaga. Nilipotaka kulisafisha nikakuta vifuniko vya chuma vimekandamizwa kiwandani pande zote mbili, bila waya wa kuvishikilia wala nafasi ya kuingiza pini. Nilikibandua kimoja kwa bisibisi kikapinda. Ndani mlikuwa na uji mweusi mzito, nyuzi za nywele zilizojiviringisha kwenye pete ya ndani, na juu ya gololi mbili madoa ya kutu yaliyokwisha kuchimba vishimo. Laiti ningeweza kuifungua beringi ile siku ya mvua ya kwanza, ingekuwa nzima hadi leo.

Kwa hiyo ya kwanza katika orodha yangu ni beringi ya chuma cha kromu yenye sili ya mpira, yaani kifuniko cha kuzuia vumbi, inayoweza kutolewa upande mmoja, upande wa pili ukiwa wazi, na kizimba cha nailoni kinachoshikilia gololi. Bones Reds ni mfano unaojulikana wa muundo huu, ingawa si wao peke yao wanaoutengeneza. Upande wenye sili hutazama nje, kunakotoka vumbi, na upande ulio wazi hutazama ndani ya kitovu cha gurudumu, mahali ambapo uchafu haufiki kwa urahisi. Ukiondoa sili kwa pini, beringi yote iko wazi mbele yako na kimiminika cha kusafishia hupita upande mmoja hadi mwingine. Mchezaji anayeanza, na hata yule wa ligi anayecheza ndani ya ukumbi mara tatu kwa wiki, hahitaji zaidi ya hii.

Ya pili ni beringi ya muundo huohuo iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, kama zile za Uswisi. Gololi zake ni laini zaidi na hudumu muda mrefu, mradi tu mwenyewe anazitunza. Asiyezisafisha ataziua kwa kasi ileile anayoulia za bei nafuu. Nisingemshauri mtu azinunue kabla hajawahi kusafisha seti moja kwa mikono yake.

Ya tatu, na kwa anayecheza nje peke yake naipandisha hadi ya kwanza, ni beringi ya chuma kisichoshika kutu, au ile yenye sili za mpira zinazogusa pete ya ndani pande zote mbili. Sili inayogusa hupunguza mzunguko kidogo, na ukilizungusha gurudumu kwa mkono litasimama mapema. Usihuzunike kwa hilo. Gurudumu linalozunguka hewani halijabeba uzito wa mtu, na beringi mpya yenye grisi huonekana nzito mkononi hata kama ni bora kuliko ile kavu inayozunguka kwa kelele.

Ya nne ni beringi ya mchanganyiko, yenye pete za chuma na gololi za kauri ya nitridi ya silikoni. Gololi hizo haziwezi kushika kutu, na uzito wake haufiki nusu ya uzito wa gololi za chuma za ukubwa uleule. Lakini pete bado ni za chuma na bado hushika kutu, nayo bei hupanda sana kwa faida ambayo mchezaji wa hoki, anayesimama na kugeuka kila sekunde chache, haioni. Zile za kauri tupu zina pete zinazoweza kupasuka kwa mshtuko, hivyo sizipendekezi kwa hoki hata kidogo. Ya mwisho ni ile niliyoisimulia, yenye vifuniko vilivyokandamizwa, iandikwe namba yoyote ile.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo mawili. Baadhi ya magurudumu hutumia beringi ndogo ya 688, yenye kipenyo cha nje cha milimita 16, na hiyo haibadilishani na 608. Kisha angalia spesa, yaani kile kibomba kifupi kinachokaa kati ya beringi mbili ndani ya gurudumu. Viatu vingine vina ekseli, yaani mhimili wa gurudumu, ya milimita 8, vingine ya milimita 6, na spesa lazima ilingane na ekseli yako. Spesa ikikosekana, kila ukikaza bolti pete za ndani husukumwa kuelekeana, gololi hubanwa upandeni, na gurudumu huwa gumu. Wengi huilaumu beringi isiyo na kosa.

Kuhusu usafi, sifuati kalenda. Nasafisha baada ya maji, na baada ya kusikia sauti. Toa beringi, inua sili kwa kuingiza pini kwenye ukingo wake wa ndani, jirani na pete ya ndani, ili usiukunje ukingo wa nje. Kama kifuniko ni cha chuma kinachotoka, tafuta ncha ya waya wenye umbo la C, uichomoe, nacho kitaanguka chenyewe. Osha sili kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na beringi kwa spiriti ya isopropili ndani ya chupa yenye mfuniko, ukiitikisa hadi spiriti mpya ibaki safi. Asetoni huvimbisha sili za mpira, kwa hiyo ziweke mbali nayo. Kausha mara moja, kwa sababu chuma kilichooshwa mafuta yote hushika kutu upesi kuliko kilichochafuka.

Kisha tia tone moja au mawili ya mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani yanafaa sana. Ukicheza nje, tumia grisi, isiyozidi theluthi ya nafasi iliyomo, kwani ikijaa huizuia beringi. Mafuta ya kupulizia ya kufukuza maji, kama WD-40, hayatoshi kuwa kilainishi. Ukiyatumia, futa kisha utie mafuta halisi. Unapoirudisha beringi, sukuma pete ya nje, kwa kuwa ukisukuma ya ndani nguvu yote hupitia kwenye gololi.

Kabla ya kuirudisha kwenye gurudumu, ishike beringi, ibonyeze kidogo kwa kidole gumba na uizungushe polepole. Ikiteleza kimya, irudishe. Ukihisi vijichembe vinagonga mahali palepale kila mzunguko, ioshe tena mara moja tu. Visipotoweka, hivyo ni vishimo vya chuma chenyewe, na hapo badilisha beringi zote mbili za gurudumu hilo kwa pamoja.