Vipimo vya joto, unyevu na mwanga kwa mimea ya ndani: kabla hujalipa, uliza kama kinasahihishika

Mwezi wa tatu nilitupa vyungu tisa vya maua ya vayoleti kwa mkupuo. Hazikuuawa na mdudu, wala sikuzinyima maji. Ziliuawa na kidude cheupe cha shilingi 45,000 kilichokaa rafuni kikinidanganya mchana kutwa, usiku kucha.

Mimea yangu inakaa chumba cha nyuma hapa Upanga, kiyoyozi nimekiweka nyuzi 25. Kipimo kikasema unyevu wa hewa ni asilimia 38. Vayoleti zinataka 50 kwenda juu, kwa hiyo nikanunua mashine ya kutoa mvuke, nikaiacha ifuke mpaka kipimo kisome 60. Moyo ukatulia. Wiki ya tatu majani ya katikati yakalegea kama mchicha uliochemshwa, maua yakaota kuvu ya kijivu. Mimi nikajiambia hewa bado kavu, nikazidisha mvuke!

Aliyenizindua ni jirani wa ghorofa ya chini, dada mmoja anayefanya kazi duka la dawa. Aliingia chumbani, akavuta pumzi, akauliza, "Humu mnafua?" Nikamwonyesha kipimo. Akacheka. Akasema kazini kwao kipimo hakiaminiwi kwa sura, mpaka kihakikiwe. Kisha akanifundisha jambo ambalo hakuna muuzaji hata mmoja amewahi kunitajia: kupima kipimo kwa chumvi.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni uliolowa. Isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya mtungi wa kioo au kopo lisilopitisha hewa, visigusane, funga, acha mpaka kesho saa kama hizo. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hivyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75, na uzuri wake kwetu sisi watu wa pwani ni kwamba kati ya nyuzi 20 na 30 namba hiyo haiyumbi hata kwa asilimia moja. Kipimo chako kikisoma 75, kipo sawa. Changu kilisoma 53.

Pungufu ya 22. Maana yake ile 38 ilikuwa kama 60, hewa nzuri kabisa ambayo haikuhitaji chochote, na ile 60 niliyoisherehekea ilikuwa inapita 80. Nilikuwa nimezifungia vayoleti kwenye bafu la mvuke. Mmea ambao asili yake ni milima yetu ya Usambara na misitu ya Tanga! Wajerumani waliuchukua huko, Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi mwaka 1893, leo unajaa madirisha ya Ulaya, na mimi Mtanzania nauua mwenyewe nyumbani.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia ukubwa wa kioo, rangi, sumaku ya nyuma wala kile kikatuni kinachotabasamu hewa ikiwa nzuri. Joto nalo sitalizungumzia sana, maana hata vipimo vya bei ya chini hulisoma vizuri kiasi, ilimradi usikiweke kwenye upepo wa kiyoyozi au juu ya taa. Swali langu ni moja: kikikosea, je, unaweza kukisahihisha? Kwa sababu kitakosea. Kihisio cha unyevu ni utando mwembamba unaonyonya mvuke wa hewani, na kipimo kinasoma jinsi umeme unavyobadilika hapo. Utando huo huzeeka, hushika vumbi, na ukikaa siku nyingi kwenye hewa ya zaidi ya asilimia 80 husogeza namba zake. Zaidi ya 80, hiyo ndiyo Dar ya masika. Hata kipimo kizuri hapa kwetu kinahitaji kurekebishwa mara kwa mara, na vingi havina pa kurekebishia.

Namba moja ni Govee H5075, na sioni haya kusema naipendelea. Inatumia betri mbili za AAA, zile unazozipata duka lolote, inaongea na simu kwa Bluetooth, na inatunza kumbukumbu za siku 20 hata kama simu haipo karibu. Lakini hayo yote ni mapambo. Nimeipenda kwa sababu ndani ya programu yake kuna sehemu ya kusahihisha. Mtungi wa chumvi ukikuambia imepungua tatu, unaongeza tatu, na kuanzia hapo inasema kweli. Yangu ilipofika ilisoma 73, nikaongeza mbili, basi. Niliagiza nje, ikanigharimu shilingi 62,000 pamoja na usafiri. Najua hiyo ni hela. Piga hesabu ya vyungu tisa na mashine ya mvuke ambayo sikuihitaji, halafu tuongee.

Ya pili ni kile kipimo cha mraba cha Xiaomi, LYWSD03MMC (jina kama namba ya gari). Ni kidogo, unakibandika popote, kinatumia betri ya CR2032. Wenye mikono ya kompyuta hukibadilishia programu ya ndani, wakapata nafasi ya kusahihisha namba. Kama una mdogo wako anayejua mambo hayo, mpe chai na chapati, akufanyie. Kama huna, kinashuka daraja.

ThermoPro TP50 naiweka ya tatu kwa watu wasiotaka habari za simu. Inaonyesha cha juu na cha chini cha siku, ambacho ni muhimu, kwa sababu umeme ukikatika saa nane usiku na kiyoyozi kikazima, asubuhi utajua chumba kilifika wapi. Haina pa kusahihishia. Dawa yake ni plasta: pima kwa chumvi, andika "ongeza 4" au "toa 3", bandika mgongoni. Rudia kila baada ya miezi michache.

Zile HTC-1 zenye saa, zilizojaa Kariakoo: mtengenezaji mwenyewe anakubali kukosea asilimia tano huku au kule. Kama huna uwezo mwingine nunua, bandika plasta, endelea na maisha. Ila vile vijiti vya kuchomeka kwenye udongo vinavyodai kupima maji, mwanga na tindikali kwa mpigo mmoja, bila betri, usinunue hata ukipewa punguzo. Kidole chako kwenye udongo kina akili zaidi.

Kwenye mwanga tatizo ni macho yetu. Jua la saa sita nje linafika luksi (kizio cha kupimia mwanga) 100,000 na zaidi, sebule unayoiona ina mwanga mzuri inaweza kuwa na 300, na jicho linakuambia tofauti ni ndogo. Vayoleti zinataka kama 10,000 kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Mimi nina UNI-T UT383, inapima hadi luksi 199,900, ni imara, bei yake inavumilika. Ila kwa mtu wa vyungu vitano, simu inatosha: programu kama Photone, na kwenye iPhone kipande cha karatasi nyeupe juu ya kamera ya mbele ili mwanga usambae. Angalizo moja: luksi imetengenezwa kwa jicho la binadamu, ambalo linapenda kijani. Kama taa zako ni zile za rangi ya zambarau, kipimo cha luksi kitakuambia kuna giza wakati mmea unaona mwanga tele. Kuna vipimo vya Apogee kutoka Marekani ambavyo vinahesabu mwanga wanaoutumia mimea, lakini kwa bei yake mimi nitanunua friji.

Sasa wauzaji. Ndugu zangu, hii ya "bei njoo DM" itaisha lini? Unaweka picha uliyoichukua mtandaoni, huweki bei, mtu akija DM unamwangalia picha yake ya wasifu kwanza ndipo umtajie. Kile kidude changu cha 45,000 nilikikuta duka la pili kwa 18,000, boksi lile lile, na maneno "orijino, mzigo wa Ujerumani" yale yale, wakati nyuma ya boksi hakuna hata jina la kiwanda. Kurudisha ndiyo kabisa: "Dada, kinawaka, sasa kibovu ni wapi?" Kinawaka! Kana kwamba nilinunua tochi.

Wiki iliyopita nilipita Kariakoo kumtafutia shangazi kipimo, nikamwomba kijana wa dukani aniruhusu nikilaze usiku mmoja kwenye mtungi wa chumvi kabla sijalipa, nikamwachia hata simu yangu ya pili kama dhamana. Aliniangalia, akamwangalia mwenzake, akasema taratibu, "Dada yangu, sisi tunauza vipimo. Chumvi iko kwa Mangi."