Duka la chakula cha kuku Kitunda: mash safi, dagaa waangalie mwenyewe

Wadau wa kuku wa nyuma ya nyumba, hasa nyie wa Banana, Kivule, Kipunguni na maeneo ya huko, kuna duka la vyakula vya mifugo Kitunda, hapa Dar, lina mashine yake ya kusaga na kuchanganya. Jina silitaji maana kuna sehemu ntawasema, ila ukishuka kwenye daladala ulizia tu kwenye mashine ya chakula cha kuku, bodaboda wanapajua. Mi ni mteja wao muda sasa, nafuga chotara na kienyeji wachache, mayai ya kula nyumbani na ya kuwauzia majirani basi, kwahiyo naongea kama mtu wa kilo kumi kumi sio mtu wa tani.

Kilichonifanya nibaki nao ni maswali. Ukifika ukasema dada nipimie chakula cha kuku, yule dada wa mzani hagusi gunia mpaka akuulize wana umri gani, wanataga au bado, na vifaranga wanakula humo humo? Unaweza ukaona anakuchelewesha tu na foleni ndefu, lakini ana hoja. Leyazi mash, yaani chakula cha unga cha kuku wa mayai, ina kalsiamu kama asilimia 3.5 mpaka 4, mtetea anayetaga anaihitaji kwa ajili ya ganda, sasa mpe kifaranga au tembe ambae hajaanza kutaga, huyo mahitaji yake ni kama asilimia 1 hivi, iliyobaki inaenda kumuumiza figo. Maduka mengi hapa mjini utapewa leyazi hata kama una vifaranga vya wiki mbili, kisa ndo iliyopo. Huyu dada nilishamshuhudia anamrudisha mteja kabisa, kamwambia kaka stata ya vifaranga imeisha rudi kesho, hii itakuulia kuku. Hela ipo mkononi na bado kakataa, aisee.

Haya, mash yenyewe. Hapa ndo pa kuongelea maana watu wanadhani kuku anakula chochote. Kuku haonji kama sisi, vionjeo vyake ni vichache mno, utamu wa sukari hausikii kabisa na pilipili haimuwashi, ndo maana utamkuta anadonoa pilipili kichaa mtini kama hamna kitu. Wale wauzaji wanaokwambia chakula chao kitamu kina molasesi, sawa molasesi inashika vumbi ila utamu wake kuku hana habari nao. Yeye anachagua kwa macho na mdomo, anaangalia punje ina ukubwa gani, umbo gani, rangi gani. Ukimwekea mash anaanza na chenga za mahindi, anahamia kwenye mashudu, afu ule unga wa chini anaupita. Na kwenye unga ndo kuna premiksi ya vitamini na madini, chumvi, na laisini na methionini ambazo ni vijenzi vya protini, yaani vile vitu vya hela nyingi! Sehemu niliyokuwa nanunua zamani walikuwa wanasaga nusu mahindi mazima nusu vumbi, jioni unakuta chombo kina vumbi la kijivu limejaa na kuku wamesimama pembeni wanakutazama kama umewatukana, na mayai yanatoka ganda laini ukishika tu linabonyea.

Hawa wa Kitunda chenga zao zinakaribiana saizi, hazipishani sana na vumbi ni kidogo. Kile kidogo kinachobaki chini nakinyunyizia maji kishikane tu, kisiwe uji, wanakifuta chote mpaka chombo kinang'aa. Ila loweka kiasi cha kuliwa pale pale, na joto letu hili la Dar ukiacha mpaka mchana kimeshachacha. Na usijaze chombo kipya kabla cha kwanza hakijaisha, ndo unawafundisha kuchagua. Hesabu ya kawaida ni gramu 110 mpaka 120 kwa mtetea mmoja anayetaga kwa siku, ukiwa na kuku 20 mfuko wa kilo 50 unasogea wiki tatu hivi. Miezi ya joto kali Desemba mpaka Februari wanakula kidogo zaidi, wape alfajiri mapema na jioni jua likipoa.

Kitu kingine nnachowapendea, ukitaka kuchanganyiwa yako wanakufungulia kila gunia uone. Mashudu yao ni ya alizeti. Mi huwa nauliza kila nikienda hata kama najua jibu, maana mashudu ya pamba yakizidi, yai ukilikalisha siku kadhaa kiini kinageuka kijanikijani au kahawia, mteja anakurudishia trei na maneno juu. Halafu kuhusu kiini, msiwalaumu bure kwamba chakula chao kinatoa kiini cheupe. Mahindi yetu ni meupe, njano itoke wapi? Wape mchicha, matembele, majani ya mlonge, utapata kiini cha njano kile watu wa Dar wanachokiita cha kienyeji hata kama kuku ni chotara. Dada mwenyewe anawaambia wateja hivyo hivyo na majani hauzi.

Makombe yao, yale magamba ya kuwapa kuku kalsiamu, yaliyosagwa chengachenga nunueni, yanapimwa kwa kilo. Usichanganye kwenye mash, weka kichombo pembeni uwaangalie. Asubuhi hamna anayejishughulisha, ikifika saa kumi na moja jioni mitetea inapishana pale, kwa sababu ganda linajengwa usiku na mwili wenyewe unadai. Jogoo hasogei kabisa. Wameanza pia kuuza funza wa BSF (nzi askari weusi) waliokaushwa, kuku wanapigana mpaka wanaparuana, ila bei yake ni ya kumpa mgeni, mi nachukua kiganja tu wakati wa kunyonyoka manyoya.

Sasa ya kuwasema. Dagaa wao wana mchanga, sio kila mzigo lakini mara kwa mara. Kabla hujapima chukua kiganja tumbukiza kwenye kikombe cha maji, mchanga unashuka chini unauona mwenyewe, na dagaa ni kati ya vitu vya bei kwenye mchanganyiko kwahiyo unanunua kokoto kwa bei ya protini. Nimewaambia, wananijibu ndo wanavyokuja kutoka Mwanza mama. Sawa, chekecheni basi! Na hata wakiwa wasafi msiwazidishe, mayai yatanuka samaki.

La pili ni yule kijana wa upande wa dawa. Ukitaja tu kuku wamepunguza kutaga anakuvutia kipakti cha antibayotiki, hajauliza kuku wanalala wapi wala wanapata mwanga kiasi gani wala kama wananyonyoka. Kuku akiwa kwenye dawa hiyo mayai hayaliwi mpaka muda ulioandikwa kwenye pakti upite, na yeye hasemi. Chanjo ya mdondo chukueni kwake sawa, ile ya matone ya jicho ya kurudia kila miezi mitatu, anaitunza vizuri kwenye friji, mengine mulizeni bwana mifugo.

Na masika angalieni mifuko. Ya mbele imepangwa juu ya mbao vizuri, ya nyuma inaegemea ukuta na ukuta wenyewe unatoa jasho. Ingiza mkono ndani kabisa, ukisikia joto au chakula kimegandamana au kinanuka uvundo waachie, sumukuvu haichagui kuku wa kisasa wala wa kienyeji. Wanakubali kubadilisha bila kelele, hilo niwape haki yao.

Bei iko juu kidogo ukilinganisha na mfuko wa kiwandani kilo kwa kilo. Kwa uchanganyaji naoenda kuuona kwa macho yangu silalamiki. Jumamosi usiende, foleni ya wenye mabanda makubwa inakula siku, nenda katikati ya wiki asubuhi, na piga simu kwanza maana umeme ukikatika mashine inalala. Ukichukua mfuko mzima wanakufungia kwenye bajaji ya jirani yao, nauli mnaelewana nyie wawili.