City of Rocks, New Mexico: tulipanga nusu saa, tukalala siku mbili

Ukitoka mji wa Deming kuelekea mji wa Silver City kwa barabara ya 180, katika jimbo la New Mexico, Marekani, nyika ni tambarare, majani makavu na dungusi tu. Unakata kuingia barabara ya 61, na baada ya kilomita chache unaona chungu ya mawe imesimama peke yake katikati ya uwanda. Kwa mbali haitishi. Nilimwambia mwenzangu tupige picha mbili tatu tuendelee na safari.

Basi ingia ndani uone. Hifadhi hii ya jimbo imepewa jina la City of Rocks, yaani Jiji la Mawe, na kweli ni jiji: nguzo za mawe, nyingine zikifika mita 12, zimepangana kama nyumba, na katikati yake kuna vichochoro. Kimoja kinakupeleka kwenye uwanja mdogo wenye mti mmoja, kingine kinakubana mpaka upite ubavuubavu. Nilizunguka saa nzima nikajikuta nimerudi palepale nilipoanzia, na sikuona hasara.

Mawe haya ni majivu ya volkano iliyolipuka takriban miaka milioni 35 iliyopita. Majivu yalitua yakiwa ya moto kiasi cha kushikamana yakawa mwamba, na yalipopoa mwamba ukapasuka wima. Mvua na upepo vikazipanua nyufa hizo polepole. Ukijua hilo, kila kichochoro unakiona kilivyo: ufa uliokua.

Kilichonigusa zaidi ni kidogo sana. Juu ya jiwe moja la chini kuna shimo la mviringo, linaloingia ngumi na kupita kidogo. Hicho ni kinu. Watu wa Mimbres, walioishi pande hizi karne nyingi zilizopita, walisaga nafaka na mbegu humo. Nikapitisha kidole ndani: kuta zake laini kabisa, ilhali jiwe la pembeni linakwaruza kama msasa. Mikono mingapi ililainisha pale! Tafadhali usitie takataka humo wala usichonge jina lako popote.

Kuhusu kulala, chagua kambi zilizo katikati ya mawe, si zile zenye umeme. Kambi zina majina ya nyota na makundi ya nyota, na usiku utajua kwa nini, maana giza la hapa ni giza hasa na Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota angani, inaonekana kwa macho matupu. Wikiendi zinajaa, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Mchana wa kiangazi jua ni kali na kivuli ni cha mawe tu, kwa hiyo beba maji mengi na uangalie unapoweka mkono, nyoka wenye sumu wapo. Ila usiku, kwa kuwa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi inaingia. Sisi tuliegemeza migongo kwenye mwamba uliochomwa na jua kutwa nzima, na saa nne usiku ulikuwa bado una joto.