Imeji moja, mashine arobaini: ipi ununue, ipi uiache

Umekabidhiwa kompyuta 40 Ijumaa mchana na Jumatatu asubuhi watu wanazikalia. Unaweza kushika flashi na kusakinisha moja baada ya nyingine: Windows, masasisho, printa, programu za ofisi, kisha unahamia meza inayofuata. Au unaandaa mashine moja tu mpaka iwe unavyotaka, unainasa nzima kuwa faili moja, yaani imeji, na kuimwaga kwenye zile 39.

Kila muuzaji wa programu za kazi hii atakuonyesha dakika ileile: mstari wa kijani ukijaa mbio, mashine kumi zikiwaka pamoja. Dakika hiyo isikutoe pesa. Kunakili diski ni kazi ambayo programu za bure zimeiweza miaka mingi. Kinachostahili kulipiwa ni draiva, yaani programu ndogo zinazoifanya Windows ivitambue vifaa vya mashine, na kwa wanunuzi wengi hata hizo si tatizo kubwa kiasi cha kulipia.

Kwa hiyo anza kuhesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika una mashine ngapi, za modeli ngapi, na kwa mwaka utazisafisha mara ngapi. Mashine 40 za modeli moja ni kazi nyepesi kuliko mashine 12 za modeli saba.

Halafu piga hesabu ya mtandao, maana hapo ndipo wengi wanainunua programu kumbe walihitaji swichi. Imeji ya GB 20 kwenye waya wa gigabiti moja, ukipata MB 110 kwa sekunde, inapita kwa dakika tatu hivi. Seva ikiwahudumia wateja 30 kila mmoja na nakala yake, hiyo ni GB 600 kupitia waya uleule mmoja: saa moja na nusu. Ukitumia multikasti, seva inaitoa mara moja na wote 30 wanaipokea kwa pamoja, unarudi karibu na dakika zilezile tatu, ukiongeza muda wa kufungua na kuandika. Lakini multikasti inataka swichi inayoielewa, yenye IGMP snooping (uwezo wa kujua matundu gani yanautaka mzigo huo) iliyowekwa sawa. Kwenye swichi isiyoijua, mzigo wote unamwagwa kwenye kila tundu, na aliye ofisi ya pili anakuja kukuuliza kwa nini intaneti imekufa. Na Wi-Fi usiifikirie kabisa kwa kazi hii.

Mpangilio wangu ni huu.

1. Clonezilla

Ni ya bure, imetengenezwa kwenye kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa huko Taiwan, na ndiyo ninayompa mtu yeyote mwenye mashine chini ya ishirini. Unaiweka kwenye flashi, unawasha mashine kupitia flashi hiyo, unahifadhi imeji kwenye diski ya nje. Inatumia Partclone, ambayo inasoma sehemu za diski zenye data peke yake, kwa hiyo diski ya GB 512 iliyotumika GB 30 haikupi faili la GB 512. Toleo lake la seva linafanya multikasti. Watengenezaji wenyewe wanasema imeji ya GB 5.6 ilimwagwa kwenye mashine 41 kwa muda wa dakika kumi hivi.

Sura yake ni ya menyu za maandishi, na haikubembelezi. Diski zinaitwa nvme0n1, sda, sdb, na ni juu yako kujua ipi ni ipi. Soma ukubwa na modeli iliyoandikwa pembeni kabla ya kubonyeza. Kasoro yake kubwa ni kwamba diski unayomwagia isiwe ndogo kuliko ile uliyonasa. Dawa ya hilo ni kunasa kutoka kwenye diski ndogo kuliko zote ulizonazo. Kwenda kwenye kubwa hakuna shida: chagua hali ya wataalamu na uweke -k1, patishani zitatanuliwa kwa uwiano.

2. FOG Project

Hii nayo ni ya bure, ila unaijengea seva ya Linux. Ukishaiweka, kompyuta zinawaka kupitia mtandao, zinajiandikisha kwa anwani za MAC (namba za kadi zao za mtandao), na wewe unakaa kwenye kivinjari ukiagiza: chumba kizima kimwagiwe imeji ya muhula mpya. Imeji za Windows inaweza kuzikunja na kuzitanua zilingane na diski, jambo ambalo Clonezilla haikufanyii kirahisi hivyo.

Kwa chumba cha mafunzo kinachosafishwa kila baada ya miezi michache, ningeiweka nambari moja. Imekuja ya pili kwa sababu ya siku ya kwanza. DHCP ya mtandao, yaani huduma inayozigawia mashine anwani, lazima iambiwe seva iko wapi na faili la kuwashia ni lipi (ni zile chaguo namba 66 na 67), na faili la mashine zinazowaka kwa BIOS ya zamani si lile la zinazowaka kwa UEFI, mrithi wake. Kama DHCP iko mikononi mwa mtu mwingine asiyetaka iguswe, utaweka dnsmasq, programu ndogo ya DHCP, pembeni ifanye kazi ya proksi, yaani kutaja seva na faili la kuwashia tu. Kwa kawaida pia utalazimika kuzima Secure Boot, ulinzi unaozuia mashine kuwaka kwa programu isiyoidhinishwa. Tenga siku nzima ya kuhangaika. Baada ya hapo inakulipa kwa miaka.

3. SmartDeploy

Hapa ndipo pesa inapoanza kuwa na maana. Unajenga Windows yako ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya nyingine), isiyo na draiva za mtengenezaji yeyote, unainasa. Kisha kwa kila modeli uliyonayo unapakua kifurushi cha draiva kilichokwisha andaliwa, na wakati wa kumwaga programu inachagua kifurushi kinacholingana na mashine iliyo mbele yake. Imeji inabaki moja; kinachobadilika ni kifurushi.

Kama daftari lako lina modeli nane na linaongezeka, linganisha bei yao na saa zako. Fundi mmoja akikesha siku mbili kwa kila modeli kutafuta draiva ya kadi ya mtandao, hizo ni siku kumi na sita. Malipo ni kwa idadi ya mashine na ni ya kila mwaka, kwa hiyo si kitu cha kununua kwa kazi ya mara moja. Na ni kwa Windows tu.

4. Acronis Snap Deploy

Imara, ina multikasti, inamwaga Windows na Linux, na ina kipengele cha kuingiza draiva kwenye mashine isiyofanana na ile ya mwanzo. Soma leseni kabla ya kulipa, maana ziko aina mbili: ya mashine, inayokuruhusu kuimwagia kompyuta ileile mara nyingi upendavyo, na ya mmwago mmoja, ikitumika imetumika. Anayeuza kompyuta zilizotumika na hatoziona tena anatosheka na ya pili. Mwenye chumba cha mafunzo akikosea akanunua ya pili, muhula unaofuata atanunua tena.

5. Vifaa vya Microsoft wenyewe

DISM, amri ya kunasa na kurekebisha imeji, imo ndani ya Windows, na ADK, seti ya zana za kuandaa usakinishaji, unaipakua bure. Imeji yake ya WIM inanasa mafaili badala ya vipande vya diski, kwa hiyo haijali diski kubwa wala ndogo: faili likitosha, linaingia. Unaweza kuifungua, kuiongezea draiva au sasisho, na kuifunga bila kuiwasha. Hakuna katika orodha hii anayekupa hilo bure kwa uzuri huo. Tatizo ni kwamba unaandika amri mwenyewe, na flashi ya FAT32 haibebi faili la zaidi ya GB 4, hivyo unalikata vipande vya SWM.

MDT, zana ya Microsoft iliyokuwa ikiunganisha yote haya kwa miaka mingi, usiianze leo. Toleo lake la mwisho, 8456, ni la mwaka 2019, na Windows 11 haimo kwenye orodha ya inayotegemezwa. WDS, huduma ya Windows Server ya kusakinisha kupitia mtandao, nayo imekatwa mbawa: ukiipa boot.wim ya Windows 11 ili isakinishe yenyewe, inakataa. Miongozo mingi iliyoko mtandaoni bado inaanza na hizo mbili, soma tarehe kwanza. Configuration Manager, programu ya Microsoft ya kusimamia kompyuta za shirika, itumie kama shirika tayari linailipia. Kuinunua kwa ajili ya imeji tu ni kununua lori la kubebea mkate.

Autopilot, huduma nyingine ya Microsoft, utaisikia ikitajwa humu. Hiyo hainakili imeji yoyote, inachukua Windows iliyotoka kiwandani na kuipanga kupitia wingu. Kwa mashine mpya zinazotumwa moja kwa moja nyumbani kwa wafanyakazi ni jibu zuri kuliko yote haya.

Macrium Reflect, programu nyingine ya kunasa diski, ni nzuri kwa kompyuta yako mwenyewe, ila toleo la bure lilifikia mwisho wa huduma Januari 1, 2024. Ghost, iliyozaliwa New Zealand na kununuliwa na Symantec mwaka 1998, ndiyo iliyowafundisha wengi wetu kazi hii. Sasa iko chini ya Broadcom na sioni sababu ya mnunuzi mpya kuanzia hapo. Mac ziache kando kabisa, zipangwe kwa MDM, yaani mfumo wa kusimamia vifaa kwa mbali.

6. Kisanduku cha kunakilia

Kile chenye matundu mawili ya diski na kitufe kimoja, bila kompyuta. Kimekuja mwisho kwa sababu kinataka utoe diski, na diski za siku hizi nyingine zimegandishwa kwenye ubao. Lakini pia nina kinyongo nacho. Siku moja nilimaliza kuandaa diski mama usiku, nikaichomeka na mpya pembeni yake, nikabonyeza kwa sekunde tano mpaka taa zikaanza kupanda: robo, nusu, robo tatu, mia. Kazi safi, bila kosa hata moja. Diski tupu ilikuwa kwenye tundu la chanzo. Nilikuwa nimenakili utupu, kwa uaminifu mkubwa, juu ya kazi ya siku mbili. Ukikinunua, bandika karatasi nyekundu kwenye tundu la chanzo, na usikitumie ukiwa na usingizi.

Ambacho hakiuzwi

Yoyote utakayochagua, Windows lazima ipitishwe kwenye Sysprep, zana yake yenyewe ya kufuta utambulisho wa mashine, kabla ya kunaswa, na chaguo la generalize likiwa limewekwa. Kwa miaka mingi watu waliruka hatua hii wakaona mambo yanaenda. Mark Russinovich wa Microsoft aliandika mwaka 2009 kwamba hofu ya SID za mashine (namba za utambulisho za Windows) zinazofanana ilikuwa imetiwa chumvi, na programu yake ya kuzibadilisha, NewSID, ikastaafishwa. Sasa mchezo umegeuka. Masasisho ya Windows 11 24H2 na 25H2 na ya Server 2025, kuanzia Agosti 29, 2025, yanazikagua SID hizo, na mashine pacha zinaanza kukataana: unaandika nenosiri sahihi, folda ya pamoja inakwambia umekosea. Fundi anabadilisha nenosiri mara tatu bila kujua kwamba ugonjwa uko kwenye imeji.

Sysprep yenyewe hugoma mara nyingi kwa sababu ya apu za Store zilizojisasisha kwa mtumiaji mmoja. Jina la apu korofi limeandikwa kwenye setupact.log, ndani ya C:\Windows\System32\Sysprep\Panther. Afadhali usifike huko: kwenye skrini ya kwanza kabisa ya usanidi, kabla hujatengeneza akaunti, bonyeza Ctrl+Shift+F3 uingie hali ya ukaguzi (audit mode), na mtandao ukiwa umechomolewa. Sakinisha kila kitu humo, kisha nasa. Upande wa Linux, futa funguo za SSH za seva na uache /etc/machine-id tupu, la sivyo mashine zote zitajitambulisha kwa jina moja.

Zima BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, kabla ya kunasa. Diski iliyosimbwa haisomeki kwa mafaili, kwa hiyo programu inanakili kila baiti na imeji yako ya GB 30 inavimba kuwa ya diski nzima. Windows 11 24H2 huwasha usimbaji yenyewe kwenye mashine nyingi mpya, usidhani umezimwa.

Leseni nayo: Windows iliyokuja na kompyuta, ile ya OEM, haikupi haki ya kuimwagia imeji yako uliyoitengeneza. Haki hiyo inakuja na leseni ya jumla ya toleo lilelile, na hata moja inatosha kuifungua. Hii ni gharama ndogo ambayo watu huisahau wakishabikia programu.

Kabla ya kulipia chochote, chukua siku za majaribio na mashine iliyo korofi kuliko zote kwenye daftari lako, wala si mpya inayong'aa. Iwashe na flashi ya programu unayoitaka. Kwenye laptopu nyingi za Intel, diski inakuwa nyuma ya VMD, kidhibiti cha diski cha Intel, na mazingira ya kuwashia yasiyo na draiva yake yanakwambia hakuna diski kabisa. Ikiiona, mwaga imeji, ingia Windows, fungua Device Manager uhesabu alama za njano. Rudia kwa kila modeli. Ukikuta alama mbili tatu, utazimaliza mwenyewe alasiri moja na Clonezilla itakutosha. Ukizikuta kila modeli na kadi ya mtandao ikiwa mojawapo, mpigie muuzaji wa nambari tatu.